Nafasi Inapokwisha Katikati ya Kazi

Fungueni madaftari yenu, mkae karibu na redio. Somo letu la leo ni juu ya kompyuta yenye mfumo wa Linux. Swali letu ni hili: Mtu afanyeje, akiwa katikati ya kujenga programu, kompyuta ikimwambia kwamba nafasi imekwisha?

Kwanza tuelewane juu ya neno kujenga. Programu huandikwa na watu, kwa maandishi ambayo mtu aweza kuyasoma. Maandishi hayo huitwa msimbo. Mashine haiwezi kuyafuata jinsi yalivyo. Lazima yageuzwe kuwa lugha ya mashine, na chombo kinachoyageuza huitwa kompaila. Kazi hiyo yote ndiyo tunayoiita kujenga programu.

Leo tutachukua mfano wa kiini cha Linux, yaani programu ya ndani kabisa inayotawala mashine nzima. Aliyeianza kazi hiyo ni Linus Torvalds, mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Msimbo wake hutolewa bure, na mtu yeyote aweza kuujenga katika mashine yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni vema. Mtu anayejenga nyumba ya vyumba viwili hatosheki na kiwanja cha vyumba viwili. Anataka mahali pa kuweka mchanga, kokoto, matofali na mbao, na mahali pa kuchanganyia saruji. Programu nayo ni vivyo hivyo. Kiini kilichokwisha kujengwa ni faili moja ndogo, ya megabaiti chache tu. Lakini wakati wa ujenzi kompaila huandika maelfu ya faili za kati, na faili hizo hula gigabaiti nyingi. Tena, kama umeagiza habari za kutafutia makosa ziwekwe ndani, uwanja huo huweza kupita gigabaiti 10.

Hebu tutazame diski. Diski ni kama nyumba iliyokatwa vyumba. Kila chumba kina kuta zake, na mafundi huita chumba hicho patisheni. Tuseme diski yako ina gigabaiti 250. Chumba cha kwanza, chenye alama ya mkwaju peke yake, yaani /, kina gigabaiti 30. Humo umo mfumo wenyewe. Chumba cha pili, /home, kina gigabaiti 220. Humo zimo faili zako. Ukijengea katika chumba cha kwanza, kitajaa, hata kama chumba cha pili ni kitupu. Ukuta hausogei kwa sababu una haraka.

Hapo ndipo utakapoona maneno haya ya Kiingereza: "No space left on device". Maana yake ni kwamba hakuna nafasi iliyobaki. Kazi ya saa mbili husimama. Wala si kazi yako tu. Kama mashine hiyo hutunza pia hesabu za chama au majina ya wanafunzi katika chumba hicho hicho, programu hizo nazo hushindwa kuandika. Basi mtu huingiwa na hofu, akaanza kufuta ovyo. Kujaa kwa diski hakupotezi kazi ya jana. Kufuta ovyo huipoteza. Kwa hiyo kanuni yetu ya leo ni hii: Tazama kwanza, ndipo ufute.

Tutazameje? Andikeni amri hii: herufi d, herufi f, acheni nafasi, kisha kistari na herufi h.

df -h

Amri hii huonyesha kila chumba, ukubwa wake, kiasi kilichotumika na kiasi kilichobaki. Tafuta penye asilimia 100. Ukiona kwamba kilichojaa ni / wala si /home, umekwisha kujua nusu ya jambo.

Pengine utaona kwamba chumba bado kina nafasi, lakini kompyuta inakataa. Hapo andika df -i. Kila faili hutaka kadi yake katika daftari la chumba, na kadi hiyo huitwa inodi. Katika diski za aina ya ext4 idadi ya kadi hupangwa siku chumba kinapotengenezwa. Faili ndogo ndogo zikiwa nyingi mno, kadi huweza kwisha kabla ya nafasi.

Ukikijua chumba, tafuta kilichokijaza. Amri ni hii:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Herufi x huizuia amri isivuke ukuta kwenda chumba kingine. Mzigo mkubwa kabisa huandikwa chini, karibu na mwisho. Ukiona ni /usr, ingia humo upime tena, hata uufikie mzigo wenyewe.

Sasa twaweza kufuta, lakini kwa utaratibu. Anza na vitu vinavyoweza kupatikana tena. Ingia katika saraka ya msimbo, andika pwd uhakikishe mahali ulipo, kisha andika make clean. Amri hii huondoa faili za kati, ikaacha mipangilio yako. Ifanye hata kama hukosi nafasi sana, kwa maana diski iliyojaa huweza kuacha faili iliyokatika katikati, na faili hiyo itakuharibia ujenzi ujao. Kisha ondoa vifurushi vilivyokwisha kutumika: katika Debian na Ubuntu andika sudo apt clean, katika Fedora andika sudo dnf clean all. Kumbukumbu za mfumo zikiwa nyingi, zipunguze hivi: sudo journalctl --vacuum-size=200M.

Usifute kwa mkono kitu chochote ndani ya /usr, /boot au /var/lib. Viini vya zamani viondolewe kwa chombo kile kile kilichoviweka. Na ukifuta faili kubwa, kisha nafasi isirudi, usishangae. Kama kuna programu ambayo bado imeifungua faili hiyo, Linux haitoi nafasi mpaka programu hiyo iifunge. Isimamishe programu, utaiona nafasi imerudi.

Lakini kufagia uwanja mdogo hakuufanyi kuwa mkubwa. Dawa yenyewe ni kuuhamisha uwanja. Kiini cha Linux kina njia nzuri: msimbo hukaa mahali pake, na faili za ujenzi hupelekwa chumba kingine. Hapa pana mtego. Kabla ya kuhama, msimbo lazima usafishwe kwa amri make mrproper, nayo, tofauti na make clean, hufuta hata faili ya mipangilio, iitwayo .config. Mtu aliyeipanga kwa siku nzima ataipoteza mara moja. Basi ihifadhi kwanza. Ukiwa ndani ya saraka ya msimbo, fuata mpango huu, mstari kwa mstari:

mkdir ~/ujenzi
cp .config ~/ujenzi/.config
make mrproper
make O=$HOME/ujenzi

Herufi O iwe kubwa. Na tangu hapo kila amri ya make iandikwe pamoja na O hiyo, ama sivyo utarudi kujenga mahali pa zamani.

Kuna chumba kingine kinachosahauliwa, nacho ni /tmp. Kompaila hupenda kuweka humo karatasi zake za muda. Katika mifumo mingi, kama Fedora, na Debian tangu toleo la 13 la mwaka 2025, /tmp haimo katika diski. Imo katika kumbukumbu ya mashine, na kwa kawaida haipiti nusu ya kumbukumbu hiyo. Mashine yenye gigabaiti 4 itakupa 2 tu. Ikijaa, ielekeze kompaila kwingine:

mkdir ~/muda
export TMPDIR=$HOME/muda

Mwisho, ujenzi ukiisha, vipande vya kiini bado vitawekwa ndani ya /lib/modules, na hiyo imo katika chumba cha kwanza. Kuvipunguza unene, andika hivi:

sudo make O=$HOME/ujenzi INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install

Habari za kutafutia makosa zitaachwa nje, na vipande vitakuwa vidogo sana.

Wengine huuliza: Kama chumba kimejaa kabisa, msimamizi wa mashine anaingiaje kukitengeneza? Waliotengeneza ext4 waliliona jambo hilo. Kwa kawaida asilimia 5 ya chumba huwekwa akiba kwa ajili ya msimamizi peke yake. Katika chumba cha gigabaiti 30, hiyo ni gigabaiti moja na nusu. Ni akiba ya siku ya shida. Usiiguse kwa kazi ya kila siku.

Haya, turudie. Kwanza, jua chumba kilichojaa. Pili, jua kilichokijaza. Tatu, futa vile tu vinavyoweza kupatikana tena. Nne, hamisha uwanja wa ujenzi penye nafasi. Anayefuata mpango huo hupoteza saa chache. Asiyeufuata huweza kupoteza hesabu za mwaka mzima.

Sasa walimu, wapeni wanafunzi maswali haya:

1. Kwa nini chumba kimoja huweza kujaa hali diski ina nafasi?
2. df -h na df -i zina tofauti gani?
3. Ni amri ipi inayofuta mipangilio, make clean au make mrproper?
4. Kwa nini nafasi huweza isirudi baada ya kufuta faili kubwa?

Jibuni kwa maandishi, kila jibu kwa sentensi kamili.