Jaribu Tovuti Yako Nyumbani Kabla ya Kuifungulia Wateja

*Mazungumzo na vijana na wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale*



Sitaanza na kompyuta, nitaanza na kanzu. Miaka kadhaa nyuma nilimtengenezea tovuti mwenye duka la kanzu na kofia hapa Mji wa Kale. Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia, na mnajua muuza kanzu siku zile hana hata wakati wa kukaa chini. Mimi nikaona kuna kiongezo kipya cha kupokea oda, nikakiweka moja kwa moja kwenye tovuti huku wateja wanaingia na kutoka. Ukurasa ukageuka mweupe pe. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Kumbe seva ilikuwa na PHP ya zamani, laptopu yangu ilikuwa na mpya. Kwangu kitu kilikwenda vizuri, kule kikakataa. Tovuti ilirudi siku ya tatu. Yule mzee alinivumilia, na pesa zake nilimrudishia, lakini wateja waliokwenda kununua kwingine sikuweza kumrudishia.

Kosa lile lina dawa, na dawa yenyewe ni kontena.

Sisi watu wa kisiwani neno hili halitutishi. Teremkeni hapo Bandari ya Kale. Majahazi yalileta tende, mazulia na masanduku, yakarudi na boriti. Kila mzigo ulikuwa na namna yake ya kubebwa, na hamali alijua kwamba tende haikai karibu na papa mkavu. Nendeni sasa Kilindini. Winchi inanyanyua sanduku la futi 20 au 40 na haiulizi ndani mna nini. Mtindo huo ulianza kushika tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal X ilipong'oa nanga Newark, Marekani, ikielekea Houston na masanduku 58. Baadaye vipimo vikasawazishwa, ndipo sanduku lililofungwa bandari moja likaweza kushushwa bandari nyingine yoyote.

Watu wa kompyuta wakaazima fikra hiyo. Mwaka 2013 Solomon Hykes alionyesha programu ya Docker kwenye mkutano wa wataalamu huko California. Hata jina lenyewe kwa Kiingereza ni kuli wa bandarini. Kontena lao ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji: PHP ya toleo lake, vipande vyake vyote na mipangilio yake. Likienda kwenye laptopu yangu, kwenye yako au kwenye seva ya kukodi, ndani mna vitu vilevile. Lau ningekuwa na kontena lenye PHP ya toleo la ile seva, ukurasa mweupe ningeuona mezani kwangu, usiku, peke yangu.

Wengi wenu mliopitia vyuo mmeanza na XAMPP. Si kitu kibaya, nami nilianzia hapo. Ila kwa kawaida inakupa PHP moja kwa kazi zako zote, na ukiwa na wateja watatu wenye seva tatu tofauti utaanza kuhangaika. Makontena hukaa kila mmoja na lake, hayagombani.

Mahitaji ni machache. Laptopu yenye RAM ya GB 8 itakustahi. Ya GB 4 utaikokota. Kwenye Windows unaweka Docker Desktop, nayo hutumia WSL 2. Ikikataa kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu kile kipengele cha BIOS kinachoruhusu kompyuta kubeba kompyuta nyingine ndani yake kimezimwa. Docker Desktop ni bure kwa matumizi binafsi, kwa kujifunza, na kwa biashara yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato ya chini ya dola milioni 10 kwa mwaka. Nadhani hapa Kuze sote tumo. Asiyeitaka atumie Podman.

Tuseme ni tovuti ya WordPress ya mama anayeuza mahamri na mbaazi kwa oda. Yatahitajika makontena mawili, moja la WordPress na moja la hifadhidata, yaani pale yanapoandikwa majina, bei na oda. Hayo mawili unayaeleza katika faili moja fupi iitwayo compose.yaml, halafu unaandika `docker compose up -d`. Mara ya kwanza itapakua mamia ya MB, basi usifanye hivyo kwa bando la simu. Ikishamaliza, fungua kivinjari uandike `localhost:8080`, ikiwa mlango huo ndio ulioutaja kwenye faili. Ambaye faili hiyo inamtia uvivu aangalie DDEV, inamwandikia yenyewe.

Na habari ya bando, sikilizeni hili. Si lazima kila mmoja apakue. Kile kinachopakuliwa huitwa imeji, nayo inahifadhika kuwa faili la kawaida kwa amri ya `docker save`. Itie kwenye fleshi, mpe jirani, naye ataifungua kwa `docker load`. Kijana mmoja mwenye WiFi anaweza kuwatosha vijana kumi wa mtaa. Angalieni tu laptopu ziwe za aina moja ya prosesa, kwa sababu imeji iliyochukuliwa kwa Mac mpya huenda ikakataa kwenye laptopu ya Intel.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hulia, kwa hivyo nitakaa kidogo. Kontena ni kitu cha kutupwa. Ukilifuta, kilichoandikwa ndani yake kinakwenda nalo. Ndiyo maana kwenye ile faili unatenga stoo, ambayo Docker huiita voliumu, nje ya kontena. Oda za mama zikae humo. Ukiandika `docker compose down`, makontena huondoka na stoo yenye jina hubaki. Kesho ukiwasha unakuta kila kitu. Lakini ukiongeza `-v` mwishoni, umeifuta na stoo. Herufi moja! Nimemwona kijana ameinakili amri hiyo kutoka kwa mwenziwe bila kuuliza, na kazi ya wiki mbili ikaondoka kabla hajainua kidole. Na stoo nayo si nakala ya akiba. Laptopu ikiibwa au ikimwagikiwa chai, stoo imekwenda. Ijumaa kabla ya sala toa nakala ya hifadhidata, itie kwenye fleshi, na fleshi ikae nyumba nyingine.

Lingine, msijaribie kwa wateja wa kweli. Utaona mtu ananakili orodha yote ya wateja, majina na nambari za simu, anaiweka kwenye laptopu anayotembea nayo matatuni. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na nambari ya simu ya mtu ni data yake. Tungeni majina. Mteja wa majaribio aitwe Papa, mwengine aitwe Changu.

Kuna mama ameniuliza pale mwanzo: tovuti ikishawaka kwenye laptopu, wateja wake wa Nyali wataiona? La, mama, hawataiona. Hiyo `localhost` ni ndani ya kompyuta yako tu, kama chungu kilicho jikoni. Wateja wataiona siku utakayokodi seva na kununua jina, kwa mfano la .co.ke, na mtaalamu wako akahamisha faili na hifadhidata. Hadi hapo, vunja na ujenge upya utakavyo, hakuna anayekuona.

Na je, kwa simu? Docker haiwekwi kwenye simu ya kawaida. Simu inaweza kuitazama ile tovuti ikiwa zote mbili, simu na laptopu, ziko kwenye WiFi moja, ukaandika nambari ya anwani ya laptopu badala ya `localhost`, na ulinzi wa Windows ukaruhusu. Lakini WordPress hukumbuka anwani uliyoisajilia siku ya kwanza. Ukianza na `localhost`, simu itaelekezwa kwa `localhost` yake yenyewe, ambako hakuna kitu. Kwa hivyo, ukijua wateja wako wengi wataagiza kwa simu, anza kusajili kwa nambari ya laptopu tangu mwanzo, na uijaribu kwa kisimu cha bei ndogo zaidi kilichomo nyumbani.