Kromosomu Zilizozidi

Wahitimu wa bioteknolojia, hongereni. Niingie moja kwa moja kwenye fangasi. Wazazi mnisamehe, najua si neno la sherehe.

Fusarium oxysporum ndiyo inayoleta mnyauko fusari kwenye migomba na nyanya. Makazi yake ni udongo, ila watafiti wameikuta pia katika maji ya bahari. Ukiikuta huko utajiuliza: imezoea chumvi, au imesombwa na mvua kutoka shambani? Tena, bado inaweza kuua mmea? Aina ya TR4, isiyoiachia hata migomba ya Cavendish, ilibainika Msumbiji mwaka 2013, kwa hiyo swali hilo si la anasa.

Jina la spishi halitoi jibu. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jenomu ya fangasi hii iliyotoka kwenye nyanya: herufi za DNA zipatazo milioni 60, kromosomu 15. Zaidi ya robo ya jenomu hiyo, zikiwemo kromosomu nne nzima, haikuonekana kwa ndugu zake waliolinganishwa nayo. Watafiti wakahamishia baadhi ya kromosomu hizo kwenye fangasi nyingine ya spishi hiyohiyo, isiyo na madhara. Nayo ikaanza kunyausha nyanya! Kumbe ukali wenyewe ni kama mzigo wa abiria: huyu anao, mwenzake hana.

Hapo ndipo penye kazi. Kromosomu hizo zimejaa sehemu zinazojirudiarudia. Ukisoma DNA kwa vipande vifupi tu, programu ya kuunganisha hubabaika, na pale unapopatafuta ndipo panapobaki matobo. Someni vipande virefu. Ni ghali, najua; lakini kwangu jenomu moja iliyokamilika ni afadhali kuliko kumi zenye matobo. Kisha rudini kitaluni, mwambukize miche muone kama itanyauka. Kompyuta haijawahi kunyausha mgomba.

Na mnapochota maji ya bahari kuitafuta fangasi hii, andikeni kina, joto, kiwango cha chumvi na umbali kutoka mdomo wa mto. Bila hayo, jenomu haitamwambia mtu kama fangasi ilizaliana baharini au ilipita tu. Wekeni taarifa hizo kwenye hazina ya umma pamoja na jenomu yenyewe, siku ileile mnapochapisha.