Sanduku Moja la Barua Pepe, Kompyuta Nne

Mazungumzo kwa vikundi vya vijana na akina mama wanaoomba zabuni, Maua, Igembe Kusini



Chukua mfano wa kikundi cha akina mama hapa Maua kilichoomba zabuni ya kupeleka vyakula shuleni. Kikundi kina anwani moja ya barua pepe. Katibu huisoma kwa simu. Mweka hazina huifungua kwa laptopu iliyoko dukani. Mwenyekiti huenda saiba. Halafu kuna kompyuta ya nne, ile ya zamani pale ofisini, ambayo huwashwa mara moja kwa wiki kuchapisha barua.

Siku moja matokeo ya zabuni yanatumwa. Katibu anaiona barua kwa simu asubuhi akiwa sokoni, anasema ataisoma jioni akitulia. Jioni haipo. Mweka hazina anaapa hajaifuta. Mwenyekiti hakuenda saiba siku hiyo. Hapo ndipo watu waliokaa pamoja miaka mingi huanza kutazamana vibaya.

Hakuna aliyefuta. Saa sita mchana mtu aliwasha ile kompyuta ya zamani. Programu ya barua iliyomo ndani yake ina kichujio chake yenyewe cha barua taka, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukifundisha, kiliona barua ndefu yenye viambatisho kutoka kwa mtumaji mgeni, kikaitupa kwenye foda ya spamu. Sanduku ni moja, limekaa kwenye seva, na kompyuta zote nne hulitazama hilo hilo. Kilichofanywa na moja kikaonekana kwenye zote.

Jambo hili lina gharama, na gharama yenyewe huhesabiwa kwa siku. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inampa aliyeshindwa zabuni siku 14 tangu kuarifiwa kupeleka malalamiko yake mbele ya Bodi ya Rufaa ya Ununuzi. Siku ya 15 mlango umefungwa, na kusema barua ilikuwa kwenye spamu ni hoja ngumu kuisimamia. Upande wa kodi, anayepinga makadirio ya KRA ana siku 30. Gmail nayo hufuta barua zilizo kwenye foda ya spamu baada ya siku 30. Kwa hiyo barua ya kodi inaweza kufika, ikalala, ikafa na haki ya mwenyewe ikafa nayo karibu siku moja, bila mtu kuiona.

Watu wa Igembe wanajua mlango kufungwa ghafla. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ikasimamisha kununua Machi 2020 hadi Julai 2022. Hayo yaliamuliwa mbali. Lakini asilimia 30 ya ununuzi wa serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu iko hapa nyumbani, na kuikosa kwa sababu ya foda ni hasara ya kujitakia.

Kuna njia mbili za kompyuta kuchukua barua. Ya kwanza, na ya zamani, huitwa POP. Programu huenda kwenye seva, huzibeba barua na kuzileta kwenye mashine moja, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Ni kama mtu mmoja kwenda posta na kurudi na barua za kijiji kizima nyumbani kwake. Ilifaa wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kulipia kwa dakika. Kwa kikundi cha watu watatu haifai kabisa: anayefungua wa kwanza ndiye anayebaki na barua, na kompyuta hiyo ikiibiwa au ikiharibika, barua zimekwenda nayo.

Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hapa barua hubaki kwenye seva. Simu na laptopu ni madirisha tu. Iliyosomwa kwa simu huonekana imesomwa dukani pia. Hii ndiyo njia ya kikundi. Ila ina hatari ile iliyokwisha kuelezwa: kila dirisha likiwa na kichujio chake, mbumbumbu mmoja huwaharibia wote.

Dawa yake mtu wa miraa anaijua bila kufundishwa. Mzigo hupangwa mara moja, kabla ya kufungwa kwa majani ya migomba na kabla ya gari kuondoka. Hakuna anayeacha kazi ya kuchambua ifanywe na kila muuzaji barabarani kati ya Maua na Nairobi, kila mmoja kwa jicho lake. Barua vivyo hivyo. Kuchuja kufanyike mahali pamoja, kwenye seva, na vichujio vya kwenye mashine vizimwe. Ukifika kwenye mipangilio ya programu kama Thunderbird, sehemu ya barua taka, kuna alama ya kuondoa. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila mashine, na ile ya zamani ndiyo ya kuanza nayo.

Kichujio cha Thunderbird hujifunza kutokana na barua ambazo mwenyewe amezitia alama, kisha huweka elimu hiyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Haihami. Mweka hazina anaweza kukifundisha cha laptopu mwaka mzima na cha ofisini kisijue lolote. Cha kwenye seva hujifunza kutoka kwa wote: katibu akibonyeza kwa simu kwamba barua fulani si spamu, neno hilo linasikika kila mahali.

Kwenye Gmail kuna hatua moja zaidi inayofaa sana, nayo haifanyiki kwenye programu ya simu. Ni lazima kufungua tovuti yenyewe, vizuri zaidi kwa kompyuta. Mtu huunda kichujio kwa anwani ya ofisi anayotarajia barua yake, kisha huchagua kwamba zisipelekwe kwenye spamu kamwe. Lifanywe siku ile ile zabuni inapotumwa, kabla ya kusubiri majibu.

Isieleweke kwamba kila kilichomo kwenye spamu kitolewe. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Mei 1978 kwa watu wapatao 400 kutangaza kompyuta za kuuza, na ilikuwa ya kuudhi tu. Za leo huiba. Iko ile inayompongeza mtu kwa zabuni ambayo hakuomba, kisha inadai ada ndogo kwa M-Pesa. Jina linaloonekana juu laweza kuandikwa lolote. Cha kutazama ni anwani yenyewe, hasa mwisho wake. Anwani za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Ikiwa baada ya hapo kuna nukta na maneno mengine, au ikiwa ofisi kubwa inaandika kutoka anwani ya bure, simu ipigwe kwanza ofisini, kwa namba isiyotoka kwenye barua hiyo.

Nani afungue spamu? Mtu mmoja aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa siku zinazojulikana, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Kazi ya wote haifanywi na yeyote. Na ofisa anapoondoka, nenosiri libadilishwe jioni hiyo hiyo, na simu yake iondolewe kwenye orodha ya vifaa vya akaunti. Saiba, mwenyekiti asikubali kompyuta ihifadhi nenosiri, hata kama kijana wa pale ni wa nyumbani.

Limebaki moja, nalo ni la wengi kuliko yote. Walio wengi walipofunguliwa PIN ya KRA saiba, hawakuwa na barua pepe, na mhudumu akaweka ya kwake ili kazi iishe. Anwani hiyo bado ndiyo inayopokea barua zao. Saiba nyingine zilishafungwa, na mhudumu huenda alishahamia mji mwingine. Hakuna kichujio kinachotibu hilo. Anayejua nenosiri lake la iTax anaweza kuingia na kurekebisha anwani mwenyewe. Asiyelijua aende Huduma Centre mjini Meru, yeye mwenyewe, na kitambulisho chake cha asili mkononi, na anwani mpya iwe imefunguliwa na kujaribiwa kabla hajapanda matatu.