Ulalo wa Mtutu na Ulinganifu wa Kitako katika Usahihi wa Bunduki ya Lee-Enfield

Usahihi wa bunduki, yaani uwezo wake wa kurundika risasi mahali pamoja kwenye shabaha, hudhaniwa mara nyingi kuwa sifa ya mtutu peke yake, ilhali mtutu bora uliolazwa vibaya ndani ya mbao hutawanya risasi kuliko mtutu wa wastani uliolazwa vizuri. Lee-Enfield ya Uingereza, ambayo askari wa keya, yaani wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, nao waliibeba, inalidhihirisha jambo hilo waziwazi.

Ulalo ni namna chuma kinavyokaa ndani ya mbao. Bunduki inapofyatuliwa, mtutu hutetemeka kama ufito uliochapwa, na maadamu mtetemo huo unajirudia vilevile, risasi hufuatana. Lakini mbao ikiugusa mtutu upande huu leo na upande ule kesho, mfuatano huvunjika. Bunduki nyingi za kisasa huukwepa mkasa huo kwa kuuacha mtutu bila kuguswa na mbao, na mafundi huhakikisha hivyo kwa kupitisha kipande cha karatasi katikati. Lee-Enfield Namba 4 ilifuata njia ya pili, ambapo ncha ya mbao huusukuma mtutu juu karibu na mdomo wake, kwa nguvu ya kilo 1 hadi 3 hivi. Fundi akiuinua mtutu kwa vidole huhisi ukikataa kidogo, kisha akiuachia hurudi kuilalia mbao. Usipokataa, mbao imepinda au imesinyaa.

Teke la bunduki nalo hupokewa na nyuso mbili ndogo za mbao nyuma ya mwili wa chuma, na nyuso hizo zikibonyea chuma huanza kucheza. Ndiyo maana kiwanda cha Lithgow huko Australia, kilipotumia mbao laini ya coachwood, kilitia hapo vibati vya shaba. Unyevu ni adui mwingine, kwa kuwa mbao huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu: katika vita vya Vietnam vitako vya mbao vya bunduki ya M40 ya wadunguzi wa Marekani vilipinda, na M40A1 ya miaka ya 1970 ikapewa kitako cha fibaglasi.

Ulinganifu wa kitako, yaani jinsi kinavyomkaa mpigaji, hupuuzwa zaidi, ingawa Waingereza hawakuupuuza: vitako vilitengenezwa kwa urefu wa aina nne, vikipishana nusu inchi, kuanzia kifupi kabisa chenye herufi B, kisha S, cha kawaida kisicho na alama, hadi L. Kitako kirefu mno humnyoosha mpigaji shingo. Kifupi mno huleta kidole gumba puani. Namba 4 (T) ya wadunguzi, iliyofungwa darubini na kampuni ya Holland & Holland, iliongezewa kipande cha mbao cha kuegemeza shavu, kwa sababu darubini ilikaa juu na jicho lisilo na mahali pa kudumu huiona alama ikihama juu ya shabaha hali bunduki imetulia.

Ili kutenganisha makosa hayo mawili, bunduki huegemezwa kwenye mifuko ya mchanga: risasi zikikusanyika, kasoro yaelekea ni ya kitako au ya mpigaji, zikiendelea kutawanyika, ulalo ndio wa kukaguliwa kwanza. Hata hivyo mfuko usiwekwe karibu na ncha ya mbao, kwani hapo wenyewe huongeza ule msukumo wa mtutu na kuupotosha upimaji.