Soko la Kriketi ya Kulipwa na Nafasi ya Kenya: Mhadhara wa Umma, Runyenjes

Kriketi ya kulipwa, yaani ile inayochezwa na watu ambao mchezo ndio ajira yao, haiendeshwi hasa kwa viingilio vya langoni bali kwa haki za matangazo, ambazo ni kibali cha kuonyesha mechi kinachouzwa kwa vituo vya televisheni na mitandao. Ligi Kuu ya India, iliyoanza mwaka 2008 kwa mechi fupi ambapo kila upande hurushiwa ova 20, na kila ova ni mirusho 6, iliuza haki zake za misimu ya 2023 hadi 2027 kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani. Wachezaji wake hununuliwa mnadani. Na mkulima wa Runyenjes, anayepeleka kahawa kiwandani kisha akasubiri bei ya mnada wa Nairobi, anaujua utaratibu huo, ila katika kriketi asiyeonekana kwenye televisheni hafiki mnadani kabisa.

Kenya ilikaribia soko hilo kwa ushindi wake uwanjani. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia mjini Pune, India, timu ya nahodha Maurice Odumbe ilipata mikimbio, yaani alama, 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mwaka 2003, chini ya Steve Tikolo, iliishinda Sri Lanka jijini Nairobi, Collins Obuya akiwatoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ingawa haki inadai itajwe kwamba New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, ikapoteza pointi.

Anguko lililofuata halikuletwa na uhaba wa vipaji. Wachezaji waligombana na chama cha kriketi kuhusu malipo hadi wakagoma, Odumbe akafungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa uhusiano na mchezesha kamari, na mwaka 2014 nchi ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, ambayo ndiyo huvuta mapato na wapinzani wakubwa. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ni kwamba mchezo ulibaki kwa vilabu vichache vya Nairobi na Mombasa, vingi vikiwa vimeanzishwa na Wakenya wenye asili ya Asia, huku mtoto anayesoma kando ya barabara ya Embu kwenda Meru akikua bila kuushika mpira wa kriketi.

Kinyume na Kenya, Uganda, ambayo shule zake kama Busoga College Mwiri zimezalisha wachezaji kwa miaka mingi, iliishinda Zimbabwe mwaka 2023 na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka uliofuata. Shule ya hapa Runyenjes haihitaji uwanja wa nyasi za kifahari: ukanda wa zege wa takriban mita 20, uliotandikwa zulia, unatosha kufundishia, na wanasoka wakaendelea kutumia sehemu iliyobaki. Kriketi itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 kwa timu 6 tu za wanaume na 6 za wanawake. Badala ya kukimbilia nafasi hizo finyu, chama cha Cricket Kenya na serikali za kaunti zianze na zege na zulia shuleni.