Hesabu ya Maji na Mazutu

Wandugu wa Kasongo na Kabambare, wanaume kwa wanawake, watu wa mashimo na watu wa mji.

Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni kuandika mapipa ya mazutu yaliyoingia na yaliyotoka. Leo tunawasomea hesabu isiyoandikwa katika kitabu cha kompani.

Maji ya Lualaba yanafika kwetu yamekwisha kufanya kazi kwa wengine. Huko Katanga, Union Minière iliyafungia bwawa N'Seke, mwaka 1956, kwa ajili ya shaba. Mto ni uleule. Unapita Kongolo, kwenye mawe ambayo wazungu waliyaita Milango ya Jehanamu, unashuka mpaka kwetu, na sisi tunawasha koroboi.

Mtasema, hayo ni ya wakoloni. Haya, tutazame yetu wenyewe. Pamoja na Inga ya pili, ya mwaka 1982, waya ulivutwa kilometa zaidi ya 1,700 mpaka Kolwezi. Umeme wa namna ile hauchotwi njiani ila kwa mashini za bei kali sana. Vijiji viliona nguzo, havikuona taa. Walioamua walihesabu shaba, na wengi husema walihesabu pia kuishika Katanga isijitenge tena. Mama anayetwanga chini ya waya hakuhesabiwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Bwawa dogo linakula franka nyingi siku ya kwanza, halafu maji hayana bei. Mazutu yanakula kidogo kidogo, kila mwezi, na njia zetu mnazijua. Anayehesabu miaka mitano atachagua mazutu. Anayehesabu miaka 30 atachagua maji. Kompani inahesabu umri wa mgodi. Dhahabu ikiisha inafunga mizigo. Hesabu yake yaweza kuwa sahihi kabisa, wala isiwe yetu.

Sheria ya umeme ya 2014 inaruhusu wengine, si SNEL peke yake, kutengeneza na kuuza umeme. Sheria ya madini ya 2018 inasema hivi: katika kila franka 100 za kodi ya madini, 15 ni za sekta au usultani wenye mgodi. Je, nani kati yenu amekiona kitabu cha zile 15?

Tunataka kifunguliwe. Na kabla ya kumwita injinia, mito yetu ipimwe mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua inapojisifu. Majibu yasomwe sokoni, kwa Kiswahili.