Nyumba Inayolala Upande

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba niseme juu ya utumishi serikalini. Nimeiomba radhi. Mambo ya mafaili mtayajua mkiajiriwa. Nitasimulia kazi ya mikono niliyoifanya Jumamosi nyingi pamoja na mwenzetu mmoja wa darasa letu, ambaye leo yuko safarini, na ambaye ameniruhusu niseme yote mradi nisimtaje jina.

Mwenzetu huyo alinunua yoti ya matanga ya urefu wa mita 11, iliyoundwa Ulaya. Nia yake ilikuwa kusafiri na mkewe na watoto wao watatu, si kuzunguka karibu na bandari siku ya Jumapili, bali safari za kulala baharini. Jambo lenyewe si geni. Eric Hiscock na mkewe Susan, Waingereza, waliizunguka dunia toka mwaka 1952 hadi 1955 katika Wanderer III, chombo cha futi 30 tu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda Kilwa kutoka Dar es Salaam, mwezi wa Julai, tukiupanda upepo wa kusi. Naona wanaoijua bahari wameshaanza kucheka. Chombo kililala upande siku mbili. Usiku wa pili mimi ndiye niliyeteleka birika. Jiko lilikuwa limekazwa kwa skrubu kama jiko la nyumbani. Likaja wimbi, birika likaruka, maji ya moto yakamwagikia shemeji mguuni, toka goti hadi vidoleni. Tukakosa hata mahali pa kumlaza. Vitanda vizuri, vipana, vilikuwa omoni, na huko mtu alirushwa kama mchele katika ungo. Tulimlaza sakafuni juu ya tanga la akiba, watoto wakimtazama.

Kilwa alishuka, akarudi Dar es Salaam kwa basi pamoja na watoto. Aliponiaga alisema: "Shemeji, chombo hiki kimeundwa kwa watu wasiokwenda mahali."

Alisema kweli. Ndani ya chombo kile palipangwa papendeze kikiwa kimefungwa gatini, siku ya mnunuzi kuja kutazama. Meza kubwa, kona kali, viti vya kuzungukia. Hakuna aliyejiuliza mama atashika wapi sakafu ikigeuka ukuta.

Mguu ulipopona tulimwendea, tukamwomba radhi, kisha tukamwomba atuongoze. Tuling'oa samani zote. Badala ya kushika msumeno tulisimamisha vyumba vya maboksi ya katoni, naye akaketi humo, akalala, akapika katika jiko la katoni, watoto wakipita huku na huku. Mara tatu alitubomolesha. Katoni ni rahisi, mninga una bei.

Kwanza vitanda. Chombo baharini hucheza kama ubao wa pembea: ncha hupanda na kushuka, katikati hutulia. Basi tuliweka vitanda viwili vya safari katikati, kimoja kila ubavu, urefu mita 2 na upana sentimita 60. Ufinyu huo ni wa makusudi, maana katika kitanda kipana mwili hubiringika usiku kucha. Upande ulio wazi tulifunga turubai kwa kamba, liinuke kama ukingo, na mtoto hata chombo kikilala hawezi kuanguka.

Jiko lilituchukua miezi miwili. Tulilisogeza karibu na ngazi, penye hewa, tukalining'iniza kwa vyuma viwili, kimoja upande wa omo na kimoja upande wa tezi, uzito ukiwa chini. Chombo kikilala, jiko hubaki wima. Juu yake kuna vyuma vya kubana sufuria, na mbele yake bomba la kushikia. Na hapa, vijana, sikilizeni fizikia yenu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja hupita mlangoni. Chomboni hushuka ngamani, chini kabisa, ikakaa pale ikingoja cheche. Mtungi wetu tuliutia katika sanduku lake juu, lililofungwa upande wa ndani, lenye tundu chini linalotoa gesi nje ya chombo.

Maji tuliyahesabu kwa kalamu. Watu 5, lita 4 kila mmoja kwa siku, siku 15, ni lita 300, yaani kilo 300. Uzito huo tuliuweka chini, katikati, katika matangi matatu, ili moja likichafuka mengine yabaki. Vishikio tuliviongeza kwa kimo cha mtoto wa miaka sita, kwa sababu vile vya mwanzo vilikuwa darini. Kona zote za mbao tulizipiga randa zikawa mviringo. Choo sitakieleza, mjue tu kwamba ni kidogo.

Oktoba iliyofuata, wakati wa tanga mbili, shemeji alikubali. Tulitoka Mikindani kwenda Moroni, maili 200 hivi za baharini. Usiku wa kwanza alilala saa nne mfululizo, na mumewe aliniamsha zamu yangu kwa kunong'ona. Usiku wa pili alipika chai mwenyewe, chombo kikiwa kimelala, akanipa kikombe. Mimi birika silishiki katika chombo kile mpaka leo, wala sijakatazwa.

Lililotushinda bado ni joto. Wazungu walikiunda kwa nchi ya baridi. Tumeweka visanduku vya kupitisha hewa na kuzuia maji, vile vinavyoitwa kwa jina la Dorade, yoti ya Marekani iliyoshushwa majini mwaka 1930, lakini mvua ikinyesha na vifuniko vikifungwa, ndani ni tanuri. Michoro yetu nimemwachia mwalimu wa useremala. Kijana mwenye wazo aliandike pembeni, kwa kalamu ya risasi tafadhali, nami nitamfikishia mwenye chombo.